Yaliyoandikwa Pembeni mwa Kadi

Pale kliniki ya utafiti walimwita Sista Mwandiko, na hakuna aliyemwita hivyo kwa kejeli. Herufi zake zilikaa sawasawa kama zimepigwa chapa. Mkaguzi wa kampuni ya dawa, mtu ambaye kusifu kwake ni kwa nadra, aliwahi kusema mbele ya wote kwamba laiti kila kituo kingekuwa na muuguzi wa namna ile, yeye angelala usingizi. Siku hiyo muuguzi alifurahi hadi akasahau kula. Lishikeni hilo, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini Jumanne ile hasira zake hazikujua zimwangukie nani.

Jumanne ilikuwa siku ya kuhesabu vidonge. Wagonjwa wa viungo walikuja kwa zamu, kila mmoja na kichupa chake na kadi yake, wakaketi kwenye benchi refu la kijivu mbele ya meza ya muuguzi. Dawa yenyewe ilikuwa mpya, haijapewa hata jina, namba tu. Ilikuwa imejaribiwa kwa panya, ikajaribiwa kwa mbwa, ikajaribiwa kwa watu arobaini wasio na ugonjwa wowote, waliomeza kwa siku kumi wakaenda zao. Sasa ilikuwa zamu ya wanaoumwa kweli: watu mia na themanini, nusu yao wanameza dawa, nusu yao wanameza kidonge kinachofanana nayo lakini ndani ni unga mtupu. Nani yuko upande gani, hakuna aliyejua. Mgonjwa hajui, muuguzi hajui, daktari hajui. Wangemeza kwa wiki kumi na mbili, na hii ilikuwa ya sita.

Wa nne kwenye benchi alikuwa shangazi yake.

Huyu ndiye dada wa baba aliyemlea tangu ana miaka saba, akamsomesha kwa cherehani, akamfundisha kushika kalamu huku mwenyewe anapiga mapindo. Vidole vilivyokuwa vikitunga uzi sindanoni bila kutazama sasa vilikuwa vimevimba na kupinda, hata kifungo cha blauzi kilimshinda. Masharti ya utafiti yalikataza mume, watoto na wazazi wa wafanyakazi. Shangazi hayakumtaja. Muuguzi ndiye aliyemwandikisha kwa mkono wake, akijisifu moyoni kwamba amempatia dawa kabla ya dunia nzima.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Leo umependeza, au ni macho yangu tu?"

Muuguzi akacheka, akainua uso kuyatazama hayo macho, na kicheko kikakatika. Mwanga wa dirishani ulikuwa unampiga shangazi usoni moja kwa moja. Weupe wa macho haukuwa weupe tena. Ulikuwa na njano hafifu, kama kiini cha yai la kuku wa kisasa.

"Tangu lini uko hivi?"

"Nikoje? Kioo changu kina ukungu, sijioni vizuri. Mkojo ndio ulioanza. Tangu wiki ya nne unatoka mweusi, kama chai isiyotiwa maziwa. Na kuwashwa huku, nusura nijichubue ngozi."

"Wiki mbili nzima, shangazi, na hukuniambia?"

Shangazi akamkazia macho. Hakuwa mtu wa kusingiziwa.

"Nimekuambia. Si ulitukalisha hapa hapa siku ya kwanza ukasema tuandike kila kitu, hata tukipiga chafya? Nimeandika. Nimeandika pembeni, kwa sababu kisanduku cha mkojo hakikuwepo. Kila Jumanne nakupa kadi, unaniambia ahsante, endelea. Nikasema basi, mtoto kasoma, kaona si kitu."

Muuguzi hakuwa amesoma. Alikuwa amenakili.

Jambo lenyewe lilianza kwa nia njema kabisa, ndiyo maana linaudhi. Kadi za wagonjwa zilikuwa zinarudi chafu. Hii ina doa la mafuta ya taa, ile imekunjwa mara nane ikawekwa ndani ya soksi, nyingine mjukuu kachora jogoo juu yake. Mkaguzi alipokuja mara ya kwanza aliinua moja kwa ncha za vidole viwili kama anayeshika panya mfu, akasema mashine ya kusomea inazikataa na kituo kitapata alama mbaya. Muuguzi akapata wazo. Kila Jumanne mchana, wagonjwa wakishaondoka, alikuwa anachukua kadi mpya na kalamu nyeusi, anahamisha alama za vema moja moja, safi, bila kufuta. Zile chafu zilitupwa ndani ya boksi stoo zikingoja kuchomwa. Daktari mkuu wa utafiti aliona, akafurahi, akawa anatia sahihi chini ya kila kadi mpya.

Mashine ilisoma visanduku saba: kichwa, homa, kutapika, kuharisha, kizunguzungu, vipele, kukosa usingizi. Kilichoandikwa nje ya visanduku haikukiona. Na baada ya Jumanne mbili tatu, hata muuguzi naye aliacha kukiona. Kadi mia na themanini kwa mchana mmoja, jamani, mkono unakimbia na akili iko kwingine.

Alimpeleka shangazi chumba cha uchunguzi, akamlaza, akamtoa damu. Kichupa cha vidonge akamnyang'anya, naam, alimnyang'anya hasa, akakitia mfukoni mwa koti lake. Damu aliipeleka maabara mwenyewe, akamwambia fundi wa maabara aache yote mengine apime ini kwanza. Halafu akaenda stoo.

Boksi lilikuwepo. Tanuri la kuchomea taka lilikuwa limeharibika mwezi mzima na watu wa matengenezo walikuwa wanapiga danadana. Kwa mara ya kwanza uzembe wao ulimfaa mtu. Muuguzi akaketi sakafuni na sare yake nyeupe, akaanza kusoma pembeni.

"Najikuna mpaka damu." Huyo alikuwa namba kumi na tisa, mpishi wa shule. "Mkojo wa kahawia." Namba hamsini na tatu. "Jirani anasema macho yangu yana njano, naomba mnitazame." Mnitazame! Na yeye alikuwa amemtazama, kichwa mpaka miguu, akamwambia mama, wiki ijayo usisahau kichupa. Kila alipofungua nyingine uso ulizidi kumwaka. Alitamani ainuke akampige mtu kofi, na mtu wa karibu kuliko wote alikuwa yeye mwenyewe.

Walikuwa tisa. Wa tisa alikuwa fundi viatu, namba themanini na nane, mzee mcheshi aliyekuwa akimtania kwamba viatu vyake vya kazini vinalia njaa. Kadi yake ya mwisho ilikuwa ya wiki ya tatu. Visanduku vyote vilikuwa vitupu. Pembeni, kwa herufi kubwa zilizolala upande: "Leo sikuweza kusimama. Sista soma hapa."

Wiki ya nne fundi viatu hakuja. Ya tano hakuja. Kwenye daftari la mahudhurio, kwa ule mwandiko unaosifiwa, muuguzi alikuwa ameandika: amejitoa mwenyewe.

Alikwenda mapokezi akapiga namba ya simu ya fundi viatu. Akapokea mwanamke.

"Natafuta fundi," alisema muuguzi. "Ni sista wa kliniki ya viungo."

"Fundi tumemzika, Jumamosi iliyopita zilitimia wiki mbili," alisema mkewe. Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu aliyekwisha kulia. "Alikuwa anasema sista atapiga simu tu, nimemwandikia. Umepiga."

Muuguzi alitaka kusema pole. Mwanamke yule akakata simu kwanza.

Fundi wa maabara akatokea na karatasi. Vimeng'enya vya ini la shangazi, vile vinavyovujia kwenye damu ini likiumia, vilikuwa mara kumi na nane ya kawaida. Muuguzi alichukua karatasi, akabeba boksi zima kifuani, akaingia kwa daktari bila kugonga mlango.

Daktari alikuwa mtu mpole. Nasema hivi kwa kumtendea haki, ingawa hastahili sana. Alisikiliza yote, akazitazama zile kadi tisa bila kuzigusa, akavua miwani.

"Kaa kwanza, sista. Hatujui hata yuko upande gani. Huenda shangazi yako anameza unga, na hilo ini ni ugonjwa wake mwingine."

"Watu tisa, daktari. Mmoja kazikwa."

"Kazikwa na nini? Kuna cheti? Mkaguzi anakuja Alhamisi. Tutampangia maelezo vizuri, kwa utaratibu."

"Kanuni inasema jambo kama hili liripotiwe ndani ya saa ishirini na nne. Leo ni Jumanne. Kesho asubuhi watu hao wanameza tena, na jioni wanameza tena."

Daktari akafuta miwani kwa pindo la koti. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ya upole ule ule, kama anayemshauri mdogo wake: "Tukizitoa kadi hizi watauliza kwa nini kila mgonjwa ana mbili. Mimi sikunakili kitu. Huu mwandiko kila mtu anaujua ni wa nani. Leseni yako itakwenda na maji. Nakuonea huruma wewe."

Hapo ndipo hasira zilizokuwa zinatangatanga tangu asubuhi zikapata pa kukaa. Kumtisha angemtisha tu, angevumilia. Kumwonea huruma ndiko kulikomchoma. Mtu anaona macho ya njano ya binadamu tisa, halafu huruma yake anaimalizia kwenye leseni.

"Mwandiko ni wangu," alisema muuguzi. "Sikatai. Na sahihi iliyo chini ya kila mwandiko ni ya nani?"

Muuguzi akageuza simu iliyokuwa juu ya meza ya daktari huyo huyo, akainua mkono wa simu. Hakuhitaji kutafuta namba. Ilikuwa kwenye ukurasa wa mwisho wa fomu ya ridhaa, ile ambayo mgonjwa anatia sahihi kabla ya kidonge cha kwanza: ukiwa na wasiwasi wowote kuhusu usalama wako, pigia simu kamati inayosimamia utafiti kwa namba hii. Alikuwa ameisomea watu mia na themanini kwa sauti, mmoja mmoja, na hakuwahi kumsikia yeyote aliyeipiga. Hakujua hata kama kuna mtu upande wa pili.

Alikuwepo. Mwanamke, sauti ya mtu anayetafuna kitu, ambaye baada ya dakika moja aliacha kutafuna. Alitaka idadi, dalili, tarehe. Alitaka kadi zote zifungiwe kabatini, chafu na safi, asiguse mtu. Kisha akauliza nani alinakili.

"Mimi," alisema muuguzi, na akataja majina yake yote matatu, herufi kwa herufi, huku daktari amemkodolea macho.

Saa nane mchana utafiti ulisimamishwa. Muuguzi alipewa orodha na simu, na akaambiwa hiyo ndiyo itakuwa kazi yake ya mwisho hapo mpaka uchunguzi uishe. Akapiga mmoja baada ya mwingine. Usimeze tena. Hata kimoja. Hata kama magoti yamepona. Wengine walimshukuru, na shukrani zile zilimuudhi kuliko matusi. Mpishi wa shule ndiye peke yake aliyemtukana, na muuguzi akamsikiliza hadi mwisho.

Baada ya siku tatu kamati ilifungua bahasha za siri zinazoonyesha nani yuko upande gani. Wote tisa walikuwa wanameza dawa. Hakuna hata mmoja wa unga.

Shangazi alikuwa amelazwa wodi ya wanawake, kitanda cha karibu na mlango, bado wa njano lakini vipimo vimeanza kushuka. Muuguzi alifika na nguo za nyumbani. Barua ya kusimamishwa kazi ilikuwa mkobani, pamoja na fotokopi za kadi alizopewa aandikie maelezo yake. Shangazi aliyajua yote, maana manesi wa wodi hawafichi kitu.

"Nionyeshe kadi yangu," alisema.

"Ipi?"

"Zote mbili. Kwani mimi mtoto?"

Akavaa miwani. Aliishika kwanza ile safi kwa vidole vyake vilivyopinda, akaisoma polepole, kisanduku kwa kisanduku, kama anayekagua mshono wa mwanafunzi. Muuguzi alisimama kando ya kitanda na mikono nyuma. Alitaka atukanwe. Angekuwa ametukanwa angepumua.

"Mwandiko mzuri," alisema shangazi hatimaye. "Hata mistari umeipanga. Mimi ndiye niliyekufundisha." Akageuza ile kadi, akaigeuza tena. "Lakini huyu mwanamke uliyemwandika humu mzima kabisa. Haumwi kichwa, hatapiki, analala vizuri. Ningependa tujuane naye."

"Shangazi, nisamehe."

"Fundi viatu naye ulimwandika vizuri hivi?"

"Ndiyo."

"Na mkewe ameisoma ile yake ya pembeni?"

"Bado."

Shangazi akavua miwani, akaikunja, akamrudishia zile karatasi zote mbili. Uso wake ulikuwa umekunjamana kwa hasira ambazo muuguzi hakuwahi kuziona tangu utotoni, siku alipokikata kitambaa cha mteja akakificha chini ya godoro.

"Mimi utanisalimia kesho," alisema. "Saa hizi nenda kwa mke wa fundi. Mpelekee ile aliyoandika mumewe. Akikufukuza, kaa mlangoni mpaka achoke. Na usiinakili."

Muuguzi akaufungua mkoba, akaitafuta namba themanini na nane, akaihakikisha ni ile yenye herufi zilizolala upande. Akaishika mkononi, akatoka nje ya wodi.