Tabaka la Kwanza

Mama alitaka picha ya kutundika sebuleni, juu ya kochi, pale alipoiondoa ya harusi yake. Alitaka nimchore mimi, si mpiga picha, na hapo ndipo nilipopaswa kushtuka. Riziki yangu ni mabango ya maduka: kinyozi, bucha, simu zinatengenezwa hapa. Pasteli, vile vijiti vya rangi, nilikuwa nazo miezi mitano tu, nikijifundisha jikoni.

Sikwenda dukani kichwakichwa. Muuzaji alinitolea za mafuta, nikazijaribu. Zinang'ang'ania karatasi kama kaka yangu na rimoti. Nikarudi kwa zile kavu, laini kama chaki, ambazo ukizisugua kwa kidole rangi zinaingiana. Zinamwaga vumbi kila mahali, lakini kwa ngozi ya mtu sijaona mfano wake. Ndani ya kasha palikuwa na kijiti kimeandikwa "rangi ya ngozi", cha waridi. Nikamuuliza muuzaji ngozi ya nani. Akacheka, akanifungulia droo ya vijiti vya mojamoja.

Kwenye droo ndiko shida ilikoanzia. Mama ana rangi mbili. Uso na mikono ni ya krimu ya kung'arisha ngozi, tangu nikiwa darasa la tatu, mwaka ambao baba aliondoka, sisi tukaambiwa amefuata kazi mbali. Vifundo vya vidole na masikio ni vyake mwenyewe. Nyumbani hatulisemi hilo. Dada yangu alilisema mara moja tu, yeye na Mama wakamaliza mwezi mzima hawaongei. Sasa nichague ipi? Nikimchora wa krimu, nimeshiriki uongo. Nikimchora wa masikio, nimemuumbua sebuleni kwake. Nikachukua vijiti vya pande zote mbili, kahawia iliyokolea, zambarau, na kimoja cha maji ya kunde kilichopauka, nikajiambia nitajua mbele ya safari. Woga tu.

Jumamosi asubuhi akakaa karibu na dirisha, kavaa hereni zake kubwa, kanyoosha mgongo kama anapiga picha ya pasipoti.

Pasteli huanza na giza. Unalaza rangi nzito kwanza, kisha unapanda taratibu kuelekea kwenye mwanga, maana ukitanguliza nyepesi utaichafua. Hilo nililijua; kosa langu ni kutomwambia yeye. Nililaza zambarau, nikafuatisha kahawia, nikasugua kwa kidole, na uso ukaanza kunitazama. Mzuri, jamani. Niliupenda hadi mkono ukasimama. Nikaenda kunawa huku nafikiria kuuacha vilevile.

Niliporudi nilimkuta amesimama mbele ya picha.

Nikaanza kujieleza haraka, kwamba hilo ni tabaka la kwanza tu, kwamba bado kabisa. Hakuwa ananisikiliza.

"Huyu namjua," alisema. "Ndiye aliyeachwa na baba yenu."

Niliona aibu kwa kila utani niliowahi kuutoa chinichini kuhusu makopo yake ya bafuni. Nikamwambia kwamba huyo ni mzuri kuliko wote niliowahi kuwachora, na kwamba ningependa abaki hivyo hivyo.

"Mfanye mweupe, mwanangu."

Sikusogea. Alisubiri kidogo, kisha akakichukua mwenyewe kijiti cha maji ya kunde, akakipitisha kwenye shavu moja, la pili, paji la uso. Halafu akaanza kusugua kwa vidole vitatu, mizunguko midogo, kutoka shavuni kushuka shingoni, bila haraka, kama nilivyomwona kila asubuhi mbele ya kioo utoto wangu wote. Vumbi lilimwangukia kifuani. Kahawia yangu ikapotea polepole chini ya mkono wake.

Alipomaliza alijifuta vidole, akaniuliza kama picha itapendeza pale juu ya kochi. Nikamwambia itapendeza.

Masikio aliyasahau, kama siku zote. Kijiti alinirudishia mkononi, na mimi sikuyagusa.