Swali la Mzee Lucien

Mume wangu Rosaire alikaa jeshini miaka ishirini na miwili, na miaka yote hiyo alikuwa mpishi. Nalisema mapema kwa sababu wakati ule tulichelewa mno kulisema.

Alipostaafu akiwa sajini tulirudi kwetu, kaskazini kabisa mwa jimbo la Maine, Marekani, kwenye mashamba ya viazi ambako kila mtu anamjua mwenzake hadi jina la mbwa wake. Mwaka uliofuata mbunge wetu katika bunge la jimbo, kule Augusta, akaacha kazi kwa maradhi ya moyo. Katibu wa chama wilayani, Wendell Kinney, akaja jikoni kwangu, akavua buti zenye theluji, akakaa bila kukaribishwa.

"Sajini, watu wanakutaka Augusta."

"Watu gani?"

"Mimi."

Rosaire akacheka, na mtu akishacheka mbele ya Wendell, habari yake imekwisha.

Vipeperushi vikaja baada ya wiki tatu. Picha ya Rosaire akiwa na sare, na chini yake kwa herufi kubwa: ALIWAONGOZA WENZAKE VITANI. Rosaire alikisoma kimoja mara mbili, kisha akampigia Wendell, naye akaja mbio.

"Hivi haviwezi kutolewa, Wendell."

"Kwa nini? Ulikuwa Iraki, au hukuwa?"

"Nilikuwa."

"Uliongoza watu?"

"Wapishi tisa."

"Basi uongo uko wapi? Mimi sikuandika walikuwa wameshika bunduki au mwiko."

Mimi nilikuwa nimesimama pale na birika la kahawa, nikacheka. Hilo ndilo fungu langu katika kosa lile. Laiti ningenuna, huenda angevichoma vipeperushi vyote kwenye jiko la kuni.

Alishinda. Na niseme haki, alikuwa mbunge mzuri. Kila Januari aliendesha gari kwa muda wa saa tano kwenda Augusta, akilala kwenye chumba cha kupanga chenye kitanda kifupi kuliko miguu yake. Alisoma kila muswada hadi ukurasa wa mwisho, jambo ambalo wenzake waliliona kama ugonjwa. Alipigania sheria ya kuwapa wake wa wanajeshi leseni zao za uuguzi haraka wanapohamia kwetu. Alipata gari la daktari linalozunguka vijijini kwa askari wa zamani wasioweza kusafiri. Kipindi cha tatu, maana kwetu kipindi ni miaka miwili tu, wakamfanya mwenyekiti wa kamati ya maveterani, yaani hao askari wa zamani.

Lakini ile habari ya vita ilikuwa inakua peke yake. Mwalimu mkuu mmoja alimtambulisha kwa wanafunzi kuwa aliokoa kikosi kizima. Mtangazaji wa redio akaongeza jeraha. Rosaire mwenyewe hakuwahi kutamka neno hata moja la uongo. Alinyamaza tu, akainamisha kichwa, na watu wakasema tazama unyenyekevu wa mashujaa. Kila tarehe kumi na moja Novemba, siku ya maveterani, alirudi nyumbani akaenda kupasua kuni hadi giza.

Masika ya kipindi kile cha tatu, Jumamosi moja, tulikuwa kwenye ukumbi wa kanisa tunakula maharage ya chunguni na mkate mweusi. Mzee Lucien Dubay akaja mezani kwetu. Mzee huyu alikuwa mkulima wa viazi, mjane, na mwanawe wa pekee, Gérard, aliuawa Iraki akiwa na miaka ishirini na mmoja. Miaka kumi ilikuwa imepita na hakuna aliyewahi kumsikia akimtaja.

"Mheshimiwa," alisema, kofia mkononi, "nina swali ambalo sina mwingine wa kumuuliza. Wewe ulikuwa kule mbele vitani. Njooni kwangu kesho baada ya misa."

Rosaire hakumaliza sahani yake. Ndani ya gari nilimwambia, "Anataka kujua kama mtoto aliteseka. Mwambie alikufa papo hapo. Baba gani hataki kusikia hivyo?"

"Na mimi nitakuwa nimejuaje, Claudette? Niliyaona kupitia dirisha la kugawia chakula?"

"Mwambie tu! Unamnyima mzee faraja kwa ajili ya nini?"

"Nimechoka," akasema.

Kesho yake mzee Lucien alitukaribisha sebuleni. Picha ya Gérard ilikuwa juu ya runinga, masikio yametoka nje kama ya babaye. Mzee akakaa, akapangusa magoti yake, akafungua kinywa. Rosaire akamkatiza.

"Mzee, kabla hujauliza. Mimi sikuwahi kuwa mbele. Sijawahi kumfyatulia mtu risasi. Nilikuwa mpishi. Kile kipeperushi kilidanganya na mimi nikakiacha, na nimekiacha miaka mitano. Samahani."

Nilitazama zulia. Nilijua tutafukuzwa, na nilianza kutafuta mkoba wangu.

"Mpishi," alisema mzee Lucien.

"Ndiyo."

"Wa hawa vijana?"

"Wa hawa hawa. Walikuwa wakirudi doria alfajiri, vumbi hadi kwenye kope. Niliwapa mayai, soseji, chapati za maji. Wengine walikuwa wanalala sahani mkononi. Krismasi tulipika bata mzinga mia na arobaini."

Mzee alisogea hadi ukingoni mwa kiti. "Barua zake zote aliandika hajambo, hajambo, hajambo. Mama yake alikufa akiniuliza kitu kimoja. Je, walikuwa wanashiba?"

Rosaire akasogeza kiti chake karibu naye. "Walishiba, mzee. Kambi ya Gérard sikuwahi kufika, ila jiko lolote la jeshi lina sheria moja: anayetoka doria haulizwi amekula mara ngapi. Akirudi na sahani, unajaza."

"Basi huyo aliwamalizia chakula," mzee akasema. "Alikuwa mlafi, yule! Mlafi!" Akacheka huku machozi yakimtiririka, nasi tukalia naye. Tulikaa hadi saa kumi. Alitaka kujua kila kitu, hata chumvi ilikuja kwenye mifuko ya aina gani. Tulipokuwa tunaondoka alimshika Rosaire kiwiko.

"Waambie na wengine, kijana. Usiningojee mimi nikusemee."

Jumanne Rosaire alifungua kikao cha kamati yake kwa kusema ukweli wote mbele ya waandishi wa habari, akaomba radhi, akajitoa katika uenyekiti. Wendell alinipigia simu kabla hata kikao hakijaisha.

"Claudette! Mumeo ana wazimu? Ametuzika!"

"Basi njoo mazishini," nikamwambia, nikakata. Nilihisi kama nimevua viatu vilivyokuwa vinanibana tangu asubuhi.

Sisemi mambo yalikuwa matamu. Mtu aliandika MWONGO kwa rangi nyekundu kwenye ghala letu. Maveterani wawili waliacha kumsalimia, na mmoja hajamsalimia hadi leo, na ana haki. Chama kilisita kumsimamisha tena, kikakubali shingo upande. Lakini wengine walianza kuja mlangoni: dereva wa malori, fundi wa redio, mwanamke aliyefua nguo za kikosi miaka minne, wote watu wa jeshi ambao hawakuwahi kuthubutu kujiita maveterani mbele za watu, na ambao hawakujua wana haki ya matibabu. Rosaire alijaza fomu zao kwenye meza yetu ya chakula.

Novemba aligombea na kipeperushi alichokiandika mwenyewe: MPISHI WA JESHI, MIAKA ISHIRINI NA MIWILI. Tulilala mapema, hatukusubiri hesabu. Asubuhi mzee Lucien ndiye aliyepiga simu.

"Umeshinda kwa kura themanini na saba, mpishi."

Rosaire aliketi kitandani na simu yake, nywele zimesimama. "Themanini na saba," aliniambia. "Wote hao wananijua nilivyo." Kisha akajilaza tena, akalala hadi saa nne, na mimi sikumwamsha.