Dilka ya Zeinabu

Kwenye mpaka wa Uganda, afisa Mzungu aliniteremsha kwenye treni na mtoto wangu mgongoni.

"Nyinyi Waislamu wa Kibra mnampelekea nani baruti?" aliuliza, akishika kopo langu la unga mweusi.

"Ni dilka, bwana, ya kumsinga bibi arusi. Dada yangu Zeinabu anaolewa Bombo Ijumaa. Asiposingwa, hatoki ndani!"

Nikaukoroga kwa maji, nikamsinga askari wake mkono. Harufu ya msandali na karafuu ikajaa stesheni.

"Mama, leo mke wangu ataniuliza nimetoka kwa nani!" askari akapaza sauti. Abiria wakapiga vigelegele.

Afisa akaunusa mkono ule, kisha akakunja mkono wa shati lake. "Na mimi kidogo."

Kopo lilipungua, lakini Zeinabu wetu ni mwembamba. Ilimtosha.