Kiwanja Kilichobonyea

Kamba ya Crispus wa afisi ya ardhi ilianzia kwenye mnazi wa Bwana Hamdun, ikapita juu ya choo kisicho na mlango, ikaishia kwenye mwarubaini. Choo hicho ni cha serikali. Watu wake walikuja kijijini Kipungani miaka sita nyuma, wakamega kipande cha kiwanja cha Hamdun, wakajenga kuta, wakaenda zao.

"Mzee, hapa kuna shida," akasema Crispus. "Kiwanja kizuri, pembe zake zote zimetoka nje. Ukivuta kamba pembe hadi pembe, inabaki ndani. Chako pembe moja imeingia, kamba inapita kwa watu. Kompyuta haitoi hati ya kiwanja kilichobonyea."

"Na alobonyeza nti yangu, kiwanja changu hiki, ni nani?"

"Hiyo ni afisi nyingine."

Kiwanja kisicho na hati kufikia mwisho wa mwezi kingetwaliwa kijengwe hoteli, na Hamdun hakuwa na kiwanja kingine.

Baada ya alasiri marehemu mkewe, Bi Hayat, akaja kama kawaida yake. Akaelezwa. Akajifunga leso kiunoni, akaegemeza mgongo kwenye pembe iliyoingia, akasukuma. Pembe ikatoka nje kwa mlio wa kifuniko cha sufuria. Choo kikahamia kwa jirani, na mwalimu aliyekuwamo akakohoa.

Crispus akapima. Kamba haikutoka nje hata shubiri.

"Sasa sawa. Lakini mama akiachia?"

Bi Hayat akaachia. Pembe ikarudi.

"Basi kesho saa nne nakuja kukagua, aishikilie. Na saa nne hiyo hiyo awe Lamu afisini, atie sahihi kwamba ndiye anayeishikilia. Aje na kitambulisho."

"Si mlikitwaa alipokufa!" akasema Hamdun.

"Aje na cheti cha kifo."

Bi Hayat akachagua kwenda afisini, maana huko ndiko kwenye mihuri. Saa nne Crispus akakuta pembe imeingia, akaandika hivyo, akaomba maji ya kunywa.

Mwezi ukaisha, hoteli ikapewa. Kiwanja cha hoteli sasa kimebonyea mahali patatu, na kompyuta imekikubali.

Hamdun akahamia kwa dadake Lamu. Akaenda kumchukua mkewe kwenye benchi la afisi.

"Twende, Bi Hayat. Imekwisha."

"Nenda wewe, Bwana, mgongo utakuuma. Mimi sina haraka."

Yuko hapo hadi leo, na nambari ya foleni mkononi, arubaini na moja. Wanaita ya arubaini.