Prisma Ndani ya Kinu

Papa aliitwanga prisma yangu, kile kipande cha pembe tatu cha kufundishia rangi, Jumapili, mimi na Mama tukiwa misani.

Nilimkuta uani, kinu katikati ya magoti, akichovya kidole kwenye unga mweupe na kuulamba. Miaka thelathini alichambua mawe kiwandani. Kwake kijani ni shaba, nyeusi ni kobalti, na jiwe linalotupa rangi saba ukutani lazima lina madini saba.

"Jiwe ya uongo hii, Mélanie," alisema. "Rangi yote imekimbia."

"Tema, Papa! Ni kioo! Na kesho inspekta anakuja kuona somo yangu. Akikataa, napoteza darasa!"

"Kioo tu? Na rangi?"

"Rangi iko ndani ya mwanga!"

Alinitazama vile anavyowatazama wanaouza mchanga wa Kambove kwa jina la shaba.

Tulitafuta kioo kingine kabla jua halijashuka. Kioo cha dirisha kilipitisha mwanga mweupe ukabaki mweupe: nyuso zake mbili zinakwenda sambamba, uso wa kwanza ukiupinda, wa pili unaunyoosha. Glasi ya mviringo ilitupa doa linalong'aa, basi. Chupa ya bia ilitoa kivuli cha kijani.

"Shaba!" Papa alishangilia.

"Ni rangi ya chupa, Papa."

Nilihitaji nyuso mbili zilizoinamiana. Ndipo nikakumbuka kioo cha kujitazamia cha arusi ya Mama, kilichokatwa mshazari ukingoni kote. Nilifungua pazia la chumba chao, jua likapiga ukingo huo. Upinde wa mvua ukalala juu ya kitanda.

"Kile hakitoke humu," alisema Mama kutoka mlangoni. "Mwenye kutwanga aje aombe."

Papa aliomba, kwa magoti. Mama alimwacha hapo hapo mpaka bukari, ugali wetu, ikaiva.

Jumatatu Papa alikibeba mwenyewe hadi shuleni, amekikumbatia kama mtoto wa ubatizo, akakishika dirishani somo zima. Inspekta aliziangalia rangi ukutani, kisha akawatega wanafunzi.

"Kioo hiki kina madini gani ndani yake?"

Kabla mkono wowote haujainuka, Papa alimtazama kwa huruma.

"Haina hata moja, Inspekta. Miye nilisha kutwanga. Nilisha kulamba."

Inspekta aliandika kwa muda mrefu, midomo ikimcheza. Darasa aliniachia. Na kwenye ripoti, mahali pa vifaa vya maabara, alijaza: kioo kimoja, baba mmoja.