Notisi ya Mzee Orville

Birika la umeme lilikuwa limeyeyuka juu ya jiko la gesi, plastiki yake ikidondoka kwenye vyuma kama uji uliofurika. Mzee Orville Marchuk alisimama kando yake, kikombe mkononi. Moshi umetanda jikoni hata dirisha halionekani, na yeye anangoja chai!

Aune Lahtela, mwenye nyumba, alizima gesi na kufungua mlango wa nyuma, baridi ya Novemba ya Thunder Bay, Kanada, ikaingia bila hodi. Tanis, muuguzi aliyepanga chumba cha pili, aliteremka ngazi mbio huku akikohoa.

"Mama, mimi nimechoka," alisema, mzee alipokwenda kubadilisha shati. "Juzi mafuriko bafuni, leo moto. Aondoke yeye au niondoke mimi."

"Ana miaka kumi na mmoja hapa, Tanis."

"Najua. Na mimi nampenda. Lakini nikishaungua, huo upendo utanifaa nini?"

Wapangaji wengine wana sheria ya kuwatetea, lakini anayepanga chumba ndani ya nyumba ya mtu, wakatumia jiko moja, hana pa kushtaki. Neno la Aune lilitosha, na hilo ndilo lililomkera: hapakuwa na karani wala hakimu wa kumsukumia lawama. Si kwamba alikuwa mlaini. Kanuni zake zilibandikwa kwenye friji: rafu ya kila mtu, zamu za kuoga mvuke kwenye sauna kila Jumamosi, viatu mlangoni. Aliwahi kuwatimua walevi wawili na mpiga tarumbeta mmoja, wala hakukosa usingizi. Lakini Mzee Orville! Mtu aliyemenya naye viazi kila Jumapili tangu alipofiwa na mumewe.

Alimpigia simu Darlene, mpwa wa mzee, kule Kenora. Darlene akasema karibu na kwake kuna makao ya wazee, atakuja kumchukua baada ya majuma matatu. Kisha Aune akaketi na mzee mezani, akamwambia yote.

"Nyumba ni yako, mama," alisema mzee. "Umenivumilia mno. Ningekuwa wewe, ningejifukuza siku nyingi." Akampa mkono, akapanda zake juu. Aune alilia kidogo, akajiona ametua mzigo.

Asubuhi mzee akashuka anapiga mluzi. "Aune, mwakani tupande viazi vyekundu. Vile vyeupe vilikuwa maji matupu."

Aune akaduwaa. Alimtazama usoni akitafuta mzaha, asiuone. Ikabidi amwambie upya, na safari hii mzee hakupokea vizuri.

"Nimekukosea nini?" aliuliza. "Niambie, nikuombe radhi."

Kesho yake alikuwa amesahau tena. Aune, kwa kukosa ujasiri wa kusema mara ya tatu, akabandika karatasi kwenye friji, chini ya kanuni: *Orville, tarehe 28 unahamia Kenora.* Lo, heri angenyamaza! Kila asubuhi mzee aliisoma kama mtu aliyeletewa habari ya msiba, akaketi, akaacha mayai yake yapoe. Siku ya nne Aune aliichana.

"Sasa atajuaje?" Tanis aliuliza.

"Hatajua. Nitajua mimi, inatosha."

Basi mzee akaishi kwa raha zake, mipango ya bustani tele, na Aune akiitikia, "Ndiyo, vyekundu," huku moyo unamsuta. Alivichomoa vishikio vya kuwashia gesi, akawa anatembea navyo mfukoni mwa aproni. Sanduku la mzee alilifunga kidogo kidogo, leo soksi, kesho sweta, kila mzee alipotoka kuzoa theluji. Alijiona mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Na kama vishikio anavyo yeye, moto ungetoka wapi tena? Mara mbili aliishika simu amwambie Darlene asije. Kisha asubuhi moja akamkuta mzee barabarani na soksi tupu, theluji imemfika vifundoni, akingoja basi la kwenda kazini kwenye maghala ya nafaka, maghala yaliyofungwa zamani. Simu hakuipiga.

Tarehe 28 Darlene alifika mapema. Aune alimfunga mzee vifungo vya koti, akamkumbatia, akamsindikiza hadi barazani, akarudi ndani upesi na kufunga mlango, maana machozi yalikuwa yamemshinda. Darlene alikuwa bado anafuta theluji kwenye kioo cha gari.

Kengele ikalia.

"Samahani kwa usumbufu, mama," alisema Mzee Orville. Kofia ilikuwa mkono mmoja, sanduku mkono wa pili. "Nimesikia hapa kuna chumba cha kupangisha."

Kule kwenye gari Darlene aliganda, brashi mkononi. Aune alilisikia neno "kipo" limemfika kwenye ncha ya ulimi. Kulikuwa na nini cha kumzuia? Nyumba ilikuwa yake.

"Kimeshapata mtu," alisema.

"Aa." Mzee alichungulia ndani, juu ya bega lake, akaitazama ngazi na viatu vilivyopangwa mlangoni. "Ana bahati huyo. Inaonekana ni nyumba ya watu wema."

Akavaa kofia, akateremka hatua moja moja, na Darlene akaja kumpokea sanduku.

Aune alibaki kashika mlango mpaka Tanis akaita kutoka jikoni, akisema baridi inaingia.