Shati la Buluu Kwenye Kamba

Miezi minane baada ya mume wake kuondoka bila kuaga, fundi cherehani alikuwa bado anafua shati lake la buluu kila Ijumaa na kulianika uani, ili majirani wadhani mwenye nyumba yupo. Siri hiyo alimpa mtu mmoja tu, rafiki yake wa tangu utotoni, ambaye sasa ndiye mwalimu wa darasa la Qurani la wanawake.

Jumamosi, fundi akiwa miongoni mwa wanafunzi, darasa likafika kwenye aya inayomfananisha msengenyaji na mtu anayekula nyama ya ndugu yake aliyekufa. Mwalimu akatafuta mfano.

"Simtaji mtu jina," alisema huku akijipepea. "Lakini tuseme yupo mwanamke aliyetelekezwa, naye anafua shati la mume na kulianika ili tudhani bwana bado yupo. Sasa nikiwaambia ni nani, si nitakuwa nimesengenya?"

Vichwa ishirini viligeuka kwa pamoja. Nani asiyelijua shati lile? Mmoja aliziba mdomo kwa mtandio, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Uso ulimwaka moto fundi. Miguu ilimtaka atoke mbio, lakini alibaki palepale kwenye mkeka, akamkazia macho rafiki yake mpaka mkono wa kujipepea ukatulia wenyewe.

"Hebu irudie hiyo aya, mwenzangu," alisema. "Taratibu. Maiti mwenyewe nipo hapa, nataka nisikie ninavyotafunwa."